Linksi wa Iberia: Paka Aishiye kwa Sungura

Mwaka 2002 wataalamu wa Hispania walipomaliza kuwahesabu linksi wa nchi yao walipata idadi isiyofikia 100. Wote waliishi katika sehemu mbili tu za jimbo la Andalusia, kusini mwa nchi: tambarare za Doñana, karibu na mahali mto Guadalquivir unapoingia baharini, na milima ya Sierra Morena, katika eneo la Andújar na Cardeña. Katika nchi jirani ya Ureno hazikupatikana dalili za kuaminika kwamba alikuwapo hata mmoja. Mwaka huo huo Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, yaani IUCN, ulimwandika mnyama huyu katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hapakuwa na paka mwitu mwingine ulimwenguni aliyekuwa karibu na mwisho wake kama yeye. Hesabu ya mwaka 2024 ilionyesha linksi 2,401, yaani 2,047 Hispania na 354 Ureno.

Makala haya yanakusudia kueleza yaliyotukia kati ya hesabu hizo mbili. Lakini hatuna budi kuanza nyuma zaidi, kwa kuwa msomaji hawezi kufahamu jinsi linksi alivyoponyoka kabla ya kufahamu jinsi alivyonaswa. Sehemu kubwa ya kisa hiki si ya linksi mwenyewe, bali ya mnyama anayeliwa naye.

Umbo na mwenendo wake

Linksi wa Iberia, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Lynx pardinus, ni paka wa kimo cha kati. Dume huwa na uzito wa kilo 12 hadi 13 hivi, na jike hupungua kidogo. Rangi yake ni ya udongo mwekundu yenye madoa meusi. Mkia wake ni mfupi kama uliokatwa, miguu ni mirefu, na mashavuni huning'inia ndevu. Juu ya kila sikio pana kishungi cha nywele nyeusi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaomjua simbamangu wataona kufanana katika masikio, ingawa wanyama hawa wawili hawako katika tapo moja. Linksi huyu hapatikani kwa asili mahali pengine popote ila katika rasi ya Iberia, ambayo ndiyo Hispania na Ureno.

Hukaa peke yake katika vichaka vya nchi za Mediteranea, kwenye mialoni, mizeituni mwitu na miti mifupi yenye majani magumu. Huhitaji vichaka vya kujifichia na, kando yake, majani mafupi ambako sungura hutoka kula. Kila mmoja hulinda eneo lake, ambalo kwa kadiri ni kilomita za mraba 10, likipungua palipo na chakula tele na kupanuka palipo na uhaba. Hujamiiana wakati wa baridi, kati ya Desemba na Februari, na baada ya siku 65 hivi jike huzaa watoto wawili hadi wanne ndani ya mvungu wa mti au pango. Kwa kawaida ni mmoja au wawili tu wanaofika umri wa kujitegemea.

Sungura

Hapa yafaa kuondoa utata wa lugha. Katika Kiswahili tunawaita sungura wanyama wawili walio mbalimbali. Sungura wa porini kwetu, yule mjanja wa hadithi zetu, hachimbi shimo. Huzaa juu ya ardhi watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka. Sungura wa Iberia huchimba mashimo yenye njia nyingi, huishi humo kwa makundi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Sungura tunaowafuga vibandani ni wa uzao wa huyu wa pili. Wako wanaodai kwamba hata jina Hispania lilitokana na mabaharia wa Foinike, ambao walipowaona sungura hao pwani waliwadhania kuwa ni pimbi wa kwao na kuiita nchi hiyo nchi ya pimbi. Dai hilo halijathibitishwa, lakini latuonyesha jinsi sungura walivyokuwa wengi huko.

Wanyama zaidi ya 30 wa Iberia humla sungura. Wengi wao, kama mbweha, wakimkosa hula panya, mende au matunda. Linksi hawezi. Zaidi ya asilimia 80 ya chakula chake ni sungura, na mahali pengi kiasi hicho hupita asilimia 90. Linksi mmoja huhitaji sungura mmoja kwa siku, na jike mwenye watoto huhitaji watatu hivi.

Tufanye hesabu ndogo. Jike akinyonyesha na kulea kwa nusu mwaka atahitaji sungura watatu kwa siku kwa siku 180, yaani 540. Nusu ya pili akiwa peke yake atahitaji 180. Jumla ni 720. Sasa, eneo lake la kilomita za mraba 10 ni sawa na hekta 1,000. Ikiwa katika kila hekta yupo sungura mmoja, eneo zima lina sungura 1,000, na katika hao wanakula pia mbweha, tai, nguchiro na bundi, bila kutaja maradhi na bunduki za wawindaji. Ni dhahiri kwamba mahali hapo linksi aweza kuishi, lakini hawezi kulea. Watafiti waliofanya kazi porini walifikia hitimisho linalokaribiana na hesabu yetu: kiwango cha sungura mmoja kwa hekta humwezesha linksi kujikimu, ila ili azae na kukuza watoto hutakiwa zaidi ya wanne kwa hekta katika majira ya uzazi.

Tofauti hii kati ya kuishi na kulea ndiyo ufunguo wa jambo lote. Sungura wanapopungua, linksi hawafi mara moja. Huzeeka bila warithi, na mtu apitaye porini akiona nyayo zao hudhani mambo ni shwari.

Jinsi walivyopungua

Mateso ya kwanza yalitoka kwa binadamu. Mwaka 1953 serikali ya Hispania iliunda mabaraza ya kuangamiza wanyama waliohesabiwa kuwa waharibifu, na linksi alikuwa mmoja wa wanyama ambao muuaji wake alilipwa zawadi. Uwindaji wake ulipigwa marufuku mwaka 1966, lakini mitego ya chuma na vitanzi vilivyotegewa sungura na mbweha viliendelea kumnasa pasipo kuchagua. Wakati huo huo vichaka vya asili vilifyekwa kwa ajili ya mashamba, au vikapandwa misonobari na mikaratusi ambayo chini yake sungura hapati chakula.

Kisha yakaja maradhi. Mwezi Juni 1952 tabibu mmoja wa Ufaransa, Paul-Félix Armand-Delille, alichoshwa na sungura waliokuwa wakiharibu shamba lake la Maillebois. Alijua kwamba Australia ilikuwa imeeneza miksomatosi, ugonjwa wa virusi ambao kwa sungura wa Amerika ya Kusini ni mwepesi, lakini kwa sungura wa Ulaya ni mauti. Akapata virusi hivyo kutoka maabara ya Lausanne, akawadunga sungura wawili na kuwaachia, akiamini ukuta wa shamba ungewazuia. Ukuta hauzuii mbu wala viroboto, na hao ndio wachukuzi wa ugonjwa huu. Katika muda wa majuma machache karibu sungura wote wa shamba lake walikufa. Mwaka 1953 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia Hispania. Mahali ulipopita mara ya kwanza uliua zaidi ya sungura 90 katika kila 100. Tabibu huyo alitozwa faini, kisha mwaka 1956 wakuu wa misitu wakamtunukia nishani. Huenda ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mtu mmoja mwenye elimu, akitafuta nafuu ya shamba lake, alivyoweza kuwanyang'anya chakula wanyama wa nchi ambayo hakuwa hata na habari nayo.

Baada ya miaka mingi sungura walianza kupata kinga, na idadi yao ikaanza kupanda. Ndipo ulipozuka ugonjwa wa pili, wa kutokwa damu, ulioonekana kwanza nchini China mwaka 1984 miongoni mwa sungura wa kufugwa na kufika Hispania mwaka 1988. Huu haukuwadhuru sana watoto wachanga, na hivyo walionusurika waliweza kukua wakiwa na kinga. Lakini mwaka 2010 ilizuka Ufaransa namna mpya ya virusi hivyo, nayo ikafika Hispania mwaka 2011. Namna hii haina huruma kwa watoto. Katika sehemu nyingi sungura walipungua kwa zaidi ya nusu, wakati ule ule linksi waliofugwa walipokuwa wakianza kurudishwa porini. Mwaka 2019 IUCN ilimwandika sungura mwenyewe, katika makazi yake ya asili, kuwa kiumbe aliye katika hatari ya kutoweka. Mnyama ambaye katika Australia huhesabiwa kuwa baa, kwao ni haba.

Uchache na urithi

Msomaji huenda akauliza: ikiwa sungura waliweza kuongezwa, kwa nini linksi wasiachwe wazaliane wenyewe? Jibu limo katika elimu ya urithi. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya jeni zake, na ni bahati tu inayoamua ni nusu ipi. Chukua jeni ya namna fulani ambayo anayo mnyama mmoja tu katika kundi zima, tena katika nakala moja. Akizaa watoto wawili, uwezekano wa jeni hiyo kutomfikia hata mmoja wao ni nusu mara nusu, yaani robo. Katika kundi kubwa hasara hiyo haidhuru, kwa kuwa jeni ile ile imo katika wanyama wengine. Katika kundi dogo kila kizazi hupoteza kitu, na kilichopotea hakirudi. Kundi lenye wazazi 10 tu hupoteza kiasi cha asilimia 5 ya tofauti zake za kijeni kwa kila kizazi. Pamoja na hayo ndugu huanza kuzaa na ndugu, na kasoro zilizojificha hujitokeza.

Kundi la Doñana, ambalo halikufika linksi 50, lilikuwa katika hali hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Hispania walitangaza kwamba wamesoma jenomu yote ya linksi huyu, na wakaona kwamba ni miongoni mwa jenomu zenye tofauti haba kabisa zilizopata kuchunguzwa. Baadhi ya watoto waliozaliwa katika vituo walishikwa na kifafa wakiwa na umri wa miezi michache. Uchache wa tofauti hudhoofisha pia uwezo wa kundi kukabili maradhi mapya, na hilo halikubakia nadharia: mwaka 2007 virusi vya lukemia ya paka, ambavyo aghalabu hutoka kwa paka wa mitaani, viliingia Doñana na kuua linksi kadhaa kabla ya chanjo na kuwatenga wagonjwa kuukomesha mlipuko huo. Mwishoni mwa mwaka huo huo dume kutoka Sierra Morena alipelekwa Doñana ili kuingiza damu mpya. Makundi hayo mawili yalikuwa yametengana kwa miongo mingi.

Kazi ya kuwarudisha

Kufuga wanyama wa porini kwa ajili ya kuwarudisha ni jambo linalozusha ubishi, na si bila sababu. Ni ghali, na mara nyingi limetumiwa kuwa kisingizio cha kuacha pori liharibiwe. Katika jambo la linksi, kwa maoni yangu, njia nyingine haikuwapo. Lakini ingekuwa kazi bure kama isingaliendana na kazi ya porini.

Kituo cha kwanza kilikuwa El Acebuche, ndani ya Doñana. Tarehe 28 Machi 2005 jike aitwaye Saliega alizaa watoto watatu, nao wakawa linksi wa kwanza kuzaliwa wakiwa chini ya ulinzi wa binadamu. Furaha haikudumu. Walipokuwa na umri wa majuma sita hivi, watoto hao walishambuliana ghafla, na mmoja akauawa na ndugu yake. Baadaye ilifahamika kwamba ugomvi huo ni tabia ya kawaida ya linksi wa umri huo, na kwamba hukoma baada ya muda. Tangu hapo wahudumu walikesha wakitazama kwa kamera, tayari kuwatenganisha. Baadaye vilianzishwa vituo vingine, kikiwamo La Olivilla katika mkoa wa Jaén, Granadilla katika Extremadura, na Silves kusini mwa Ureno.

Tatizo moja dogo lafaa kutajwa kwa jinsi lilivyotatuliwa. Ili kujua kama jike amechukua mimba ilibidi damu yake ipimwe, lakini kumkamata na kumlaza kwa dawa kungaliweza kuharibu mimba yenyewe. Watafiti walichonga matundu katika kitanda cha gamba la mwaloni ambalo jike hulalia, wakaweka ndani mdudu mkubwa wa Amerika afyonzaye damu, mwenye nasaba na kunguni, aliyekuzwa maabara bila maradhi. Mdudu hunyonya kimya kimya, kisha damu hutolewa tumboni mwake kwa sindano na kupimwa. Jike hana habari.

Watoto hulelewa na mama zao mbali na macho ya watu, hufundishwa kuwinda kwa kufunguliwa sungura hai, na hutishwa ili wamwogope binadamu. Tangu mwaka 2010 zaidi ya linksi 400 wamerudishwa katika mapori ya Hispania na Ureno. Wanapoachiwa huvishwa kola zenye redio, ili ijulikane wamekaa wapi na waliokufa wameuawa na nini.

Wakati huo huo kazi ilifanyika mahali ambapo linksi walitarajiwa kuishi. Vilipandwa vichaka, vikafyekwa viwanja vya majani mafupi, vikajengwa vichuguu vya mawe na matawi ambavyo sungura hujichimbia, na visima vilivyo wazi vikazungushiwa ukuta. Sehemu kubwa ya mapori ya Sierra Morena ni mali ya watu binafsi, wengi wao wakiwa wenye mashamba ya uwindaji. Bila mikataba nao pasingekuwapo mradi wowote. Mradi mmoja tu, ulioendelea toka mwaka 2011 hadi 2018 kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, uligharimu takriban euro milioni 34.

Nguchiro na mwindaji

Wenye mashamba walikuwa na hoja ambayo haikuweza kupuuzwa: linksi hula sungura, nasi twataka sungura kwa ajili ya uwindaji wetu, kwa nini tumkaribishe mshindani? Hesabu yetu ya sungura 720 kwa mwaka yaonekana kuwaunga mkono.

Jibu lilipatikana Doñana, na limechapishwa tangu mwaka 1995. Watafiti walilinganisha sehemu zenye linksi na zisizo na linksi, ambazo kwa mambo mengine zilifanana. Waliona kwamba palipo na linksi sungura walikuwa wengi zaidi, mara mbili hadi nne. Sababu ni nguchiro. Huyu ni nguchiro mkubwa wa kijivu, wa spishi ile ile inayoonekana katika mbuga za Tanzania na Kenya, naye yupo katika rasi ya Iberia tangu kale. Nguchiro hupenya mashimoni na kula watoto wa sungura. Linksi humwua nguchiro, mara nyingi bila kumla, na humfukuza katika eneo lake. Na kwa kuwa linksi wenyewe ni wachache na kila mmoja hulinda eneo kubwa, sungura anaowala ni wachache kuliko wale ambao wangaliliwa na nguchiro wengi. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu bonde la Matachel katika Extremadura, ulionyesha kwamba baada ya linksi kurudishwa, mbweha na nguchiro walipungua kwa takriban asilimia 80, na sungura walioliwa na wanyama wote kwa jumla walipungua kwa zaidi ya nusu.

Ni kweli kwamba si kila mwindaji amekubali. Lakini wapo wenye mashamba ambao sasa huomba waletewe linksi.

Hali ilivyo sasa

IUCN ilimshusha linksi daraja moja la hatari mwaka 2015, na jingine mwezi Juni 2024. Eneo analokaa limepanuka kutoka kilomita za mraba 449 mwaka 2005 hadi 3,320. Hata hivyo wataalamu wanakadiria kwamba ili awe salama kwa hakika panahitajika majike 750 wanaozaa, na jumla ya linksi 3,000 hadi 3,500. Mwaka 2024 majike waliozaa walikuwa 470.

Adui mkubwa wa leo ni gari. Katika mwaka 2023 walipatikana linksi 189 waliokufa, na 144 kati yao waligongwa barabarani. Linksi kijana anapofukuzwa na mama yake hutembea kilomita nyingi kutafuta eneo, na Andalusia ni nchi ya barabara kuu. Uzio na makalavati ya kupitia chini yamejengwa katika sehemu zilizojulikana kuwa za hatari, lakini kadiri linksi wanavyoenea ndivyo sehemu mpya za hatari zinavyojitokeza.

Sungura nao wameleta tatizo la ajabu. Katika mapori ni wachache, lakini kandokando ya reli na barabara kuu, hasa katika tambarare za Castilla-La Mancha, wamekuwa wengi mno hata wakulima wa ngano na zabibu wanalalamika. Tuta la reli lina udongo laini wa kuchimba, halina wawindaji, na shamba liko jirani. Upo utaratibu wa kuwakamata huko na kuwahamishia porini, ingawa wengi wao hufa katika siku za kwanza wakiwa hawana mashimo.

Jambo linaloshughulikiwa kwa bidii zaidi hivi sasa ni kuyaunganisha makundi, ili vijana waweze kutoka kundi moja hadi jingine kwa miguu yao wenyewe, na damu ichanganyike bila kuhitaji gari la mtafiti. Kwa ajili hiyo linksi wameachiwa katika sehemu zilizochaguliwa kuwa vituo vya njiani na ngome mpya: Sierra Arana katika mkoa wa Granada tangu Desemba 2022, nyanda za juu za Lorca katika Murcia tangu 2023, na mwaka 2025 mkoa wa Palencia, kaskazini kabisa, ambako majira ya baridi ni makali na sungura hukaa kwenye vilima vya chokaa katikati ya mashamba ya nafaka.